Bustani ndani ya kioo: Namna ya kumwandalia chura makao katika nafasi finyu

MWISHONI mwa mwaka 2000, wataalamu walikusanya vyura 499 kutoka bonde la Mto Kihansi nchini Tanzania na kuwasafirisha hadi bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, Marekani. Vyura hao, ambao aliyekomaa hafiki sentimita tatu kwa urefu, hawakujulikana kuwepo mahali pengine popote duniani. Walikuwa wakiishi katika eneo la takriban hekta mbili chini ya maporomoko, mahali palipoloweshwa usiku na mchana na matone yaliyorushwa hewani na maji. Bwawa la umeme lilipojengwa juu ya maporomoko hayo, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na matone yakapungua mno.

Huko Marekani vyura wa Kihansi walitiwa katika masanduku ya kioo. Wengi walikufa, na kufikia mwaka 2004 waliosalia hawakutimia 100. Miongoni mwa yaliyowaangamiza ni maradhi, vimelea na upungufu wa mwanga wa aina inayowafaa. Wahudumu waliporekebisha taa, unyunyizaji wa maji, lishe na tiba, idadi ilianza kupanda, hasa katika bustani za Bronx na Toledo, jimboni Ohio, hadi ikafika maelfu. Mnamo 2009, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) lilitangaza kwamba chura huyo ametoweka porini. Kwa hivyo, kwa muda fulani, jamii nzima ya kiumbe wa Afrika Mashariki iliishi ndani ya kuta za kioo pekee.

Kisa hiki kina funzo kwa yeyote anayenuia kumfuga chura nyumbani. Watu wengi hudhani kwamba tatizo kubwa ni nafasi. Hata hivyo, udogo wa sanduku si lazima uwe adui wa chura mdogo. Adui wake ni maji machafu, hewa iliyofungiwa, joto la kupita kiasi na mwanga usiofaa. Katika sanduku dogo makosa hayo huzidi makali, kwa sababu chura hana pa kukimbilia. Msituni akihisi joto huingia chini ya gogo, na kijito kikichafuka huhamia kingine. Ndani ya kioo, maamuzi yote amefanyiwa na binadamu.

Sanduku la aina hii huitwa terariamu: makao ya kioo yenye udongo, mimea na unyevu wake. Wanaolitumia kufugia vyura ni wengi Ulaya, Marekani na Japani, hususan wakazi wa vyumba vidogo vya ghorofani ambamo mbwa hana pa kukimbia. Makala haya yanaeleza jinsi linavyofanya kazi na hatua zinazofaa kufuatwa, pamoja na mipaka ambayo mfugaji hapaswi kuivuka.

Asili ya bustani ya kioo

Fikra ya kukuza mimea ndani ya kioo kilichofungwa ilienezwa na daktari Mwingereza, Nathaniel Bagshaw Ward, aliyeishi London wakati moshi wa makaa ya mawe ulipokuwa ukiiua mimea yake. Mwaka 1829 alikuwa ameweka buu la nondo katika chupa yenye udongo wenye unyevu, kisha akaifunika. Baada ya muda aliona kangaga na nyasi zikichipuka humo bila ya kutiwa maji.

Sababu yake ni rahisi. Maji hupanda kutoka udongoni na kwenye majani kama mvuke, hugota kioo, huwa matone, kisha hurudi chini. Mwaka 1833 masanduku yaliyoundwa kwa kanuni hiyo yalipelekwa Australia kwa meli yakiwa na mimea hai, na mwaka 1842 Ward akachapisha kitabu juu ya jambo hilo.

Mzunguko huo huo ndio unaoitunza terariamu ya leo. Tofauti ni kwamba mmea waweza kustahimili hewa iliyotulia kwa miezi kadhaa, ilhali chura hawezi.

Ngozi ndiyo kinywa

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kuutazama mwili wa chura. Chura hanywi maji kwa kinywa. Sehemu ya ngozi iliyo chini ya tumbo, karibu na mapaja, hufyonza maji anapokaa juu ya kitu chenye unyevu. Ngozi hiyo hiyo humsaidia kupumua, kwani oksijeni hupenya na kuingia katika damu.

Mlango unaopitisha maji na hewa hupitisha sumu vilevile. Mabaki ya sabuni kwenye kioo, klorini ya maji ya mfereji, mbolea iliyomo katika udongo wa dukani, chumvi ya jasho kwenye viganja, na amonia itokanayo na kinyesi cha chura mwenyewe, vyote huweza kumfikia. Dawa ya kupulizia mbu chumbani ni hatari kubwa, hata ikiwa sanduku limefunikwa kwa wavu.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya usanifu ni hii: kila kitu kinachotiwa ndani ya sanduku kitazamwe kana kwamba kitaingia katika damu ya chura. Anayeifuata kanuni hii atajiepusha na makosa mengi kabla ya kuyafanya.

Chura kwanza, sanduku baadaye

Kosa la kawaida ni kununua sanduku linalopendeza, kisha kutafuta chura wa kulijaza. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Vyura hutofautiana mno kwa maumbile na tabia, na makao yanayomfaa mmoja humtesa mwingine.

Kuna wa mitini, mathalani chura wa kijani wa Australia ajulikanaye kitaalamu kama Ranoidea caerulea, ambaye hukua hadi sentimita 10. Huyu huamka usiku na kuruka kwa nguvu. Ni mzito, na mimea myororo huvunjika chini yake. Kuna wa kujifukia, kama vile Ceratophrys wa Amerika Kusini, ambaye hukaa udongoni akisubiri windo limpitie. Huyu hahitaji mahali pakubwa, lakini hufukua mimea na kutoa kinyesi kingi, hivyo bustani yake haidumu.

Kwa anayebanwa na nafasi na bado anataka bustani iliyostawi, wanaofaa zaidi ni vyura wadogo wa mchana wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, wale wanaosifika kwa rangi zao kali. Porini wana sumu katika ngozi. Wanaozaliwa na kulelewa kifungoni hawana sumu hiyo, kwa kuwa asili yake ni sisimizi, utitiri na viumbe wengine wadogo wanaowala msituni.

Mfano mzuri ni Ranitomeya imitator wa Peru, ambaye urefu wake ni kama sentimita mbili. Dume na jike huishi wakiwa jozi. Dume huwabeba viluwiluwi mgongoni na kuwapeleka kwenye vidimbwi vidogo vya maji yaliyotuama katikati ya majani, naye jike huwalisha kwa mayai yasiyorutubishwa. Vyura wawili wa aina hii hutosheka katika sanduku lenye upana wa sentimita 45, kina cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 60. Ukiongeza dume wa pili, ugomvi wa mipaka huanza mara moja, na kwa kuwa hakuna pa kukimbilia, mnyonge hudhoofika hadi akafa.

Ukuta ni shamba

Sanduku la vipimo hivyo lina sakafu ya sentimita za mraba 2,025, yaani eneo linaloweza kutoshea juu ya kiti. Sehemu ya chini yenye kimo cha sentimita 13 itajazwa changarawe na udongo. Ukuta wa nyuma utabakiwa na kimo cha sentimita 47 juu ya udongo, sawa na sentimita za mraba 2,115. Kwa maneno mengine, mfugaji anayepanda mimea kwenye ukuta wa nyuma peke yake huwa ameongeza mahali pa kuishi zaidi ya maradufu, bila ya kuongeza hata sentimita moja ya nafasi chumbani. Akizipanda kuta mbili za ubavuni pia, eneo hilo huzidi kidogo mara nne ya sakafu.

Hii ndiyo siri ya usanifu katika nafasi finyu: usitanue, panda juu. Ukuta wa nyuma hufunikwa kwa maganda ya miti au povu gumu lililopakwa gundi ya silikoni na kunyunyiziwa usumba wa nazi. Silikoni iwe tupu, isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, nayo iachwe ikauke kwa siku kadhaa hadi harufu yake kama ya siki iishe kabisa. Vijiti vinavyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta huwa ni barabara za chura.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni uzito. Kioo chenye unene wa milimita 5 kina uzito wa kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Kuta nne na sakafu ya sanduku hili pekee zitafika kilo 16. Ukiongeza udongo uliolowa, changarawe, magogo na maji, jumla huweza kukaribia kilo 40. Meza ya kahawa au rafu iliyopigiliwa ukutani kwa misumari miwili haitoshi. Mahali pa sanduku pachaguliwe kabla ya kulijaza, kwani baada ya hapo halihamishiki kwa urahisi.

Tabaka za chini

Chini kabisa huwekwa tabaka la sentimita 5 la vipande vyepesi vya udongo wa kuchoma au changarawe iliyooshwa, karibu lita 10. Kazi yake ni kupokea maji yanayochuruzika, ili udongo wa juu usigeuke tope. Juu yake hutandazwa wavu laini wa plastiki unaozuia udongo kuporomoka. Ni vyema kusimamisha bomba jembamba kwenye pembe moja, lifike hadi sakafuni, ili maji yakizidi yavutwe nje kwa mpira. Maji hayo yasiachwe kamwe yakaufikia wavu. Udongo unaokaa majini hukosa hewa, huoza, na hutoa harufu ya yai bovu.

Kisha hufuata sentimita 8 za udongo, kama lita 16. Udongo wa bustani haufai kwa sababu hushikana, hufukuza hewa, na huenda una dawa za wadudu. Mchanganyiko unaodumu ni wa usumba wa nazi, vipande vya maganda ya miti na makaa yaliyopondwa. Usumba hushika maji, maganda huacha mianya ya hewa, na makaa husaidia kuuweka udongo wazi.

Juu ya yote hutandazwa majani makavu. Miongoni mwa yanayopendwa na wafugaji duniani ni ya mkungu, mti uleule unaotia kivuli katika miji ya Pwani. Majani haya si mapambo. Ni paa la chura anapojificha, ni chakula cha viumbe wadogo wanaosafisha sanduku, na ni kizuizi kinachomtenga na udongo uliolowa. Kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango huwa ni pango la kutosha. Chura mwenye maficho mengi hujitokeza mara nyingi zaidi kuliko asiye na maficho, maana anajua pa kurudi akishtuka.

Maji na hewa

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Yakiachwa wazi katika ndoo kwa saa 24, sehemu kubwa ya klorini hutoka. Lakini katika baadhi ya miji hutumika kloramini, ambayo haitoki kwa njia hiyo, na hapo ni lazima itumike dawa maalumu ya kuiondoa. Wafugaji wengi hupendelea kunyunyizia maji yaliyochujwa kabisa au yaliyotoneshwa, ambayo pia hayaachi madoa meupe kwenye kioo. Maji ya mvua yaliyopita juu ya paa yana hatari ya kubeba vinyesi vya ndege na kutu.

Kunyunyiza hufanywa asubuhi na jioni. Lengo si kuloanisha muda wote. Msituni unyevu hupanda karibu na asilimia 100 usiku, kisha hushuka mchana. Kipima unyevu kikionyesha asilimia 70 hadi 80 adhuhuri, na majani yakawa yamekauka kabla ya mnyunyizo unaofuata, mambo ni mazuri. Sanduku ambalo daima linatiririka maji huzaa kuvu kwenye mimea na vidonda kwenye miguu ya chura.

Ndiposa mlango wa hewa una umuhimu sawa na maji. Mpango unaofanya kazi ni wa matundu mawili: ufa mwembamba wenye wavu chini upande wa mbele, na ukanda mwingine wa wavu juu upande wa nyuma. Hewa iliyopashwa na taa hupanda na kutoka juu, huku hewa ya baridi ikivutwa kutoka chini. Isitoshe, mkondo huo hukikausha kioo cha mbele ili ndani paonekane. Wavu uwe mwembamba sana, vinginevyo nzi wa chakula watajaa sebuleni.

Mwanga na joto

Mimea huhitaji mwanga mweupe wa taa za LED kwa saa 12 kila siku. Kwa msomaji aliye karibu na ikweta hilo ni jambo la kawaida, lakini kwa aliye London au Toronto, ambako siku ya Desemba ni fupi na ya Juni ni ndefu, taa yenye saa ya kujizima hulifanya sanduku libaki katika majira ya tropiki mwaka mzima.

Aidha, vyura wengi hunufaika na kiasi kidogo cha miale ya urujuanimno, ambayo huwawezesha kutengeneza vitamini D3. Upungufu wa vitamini hiyo hulegeza mifupa. Ikumbukwe kwamba kioo cha kawaida huzuia sehemu ya miale hiyo inayohitajika, kwa hivyo taa iliyowekwa juu ya kifuniko cha kioo haina faida hiyo. Sharti ipite kwenye wavu, na chini yake pawe na kivuli cha majani ili chura achague mwenyewe.

Joto linalowafaa vyura wa msituni ni kati ya nyuzi 22 na 26 za Selsiasi. Likipita 30 maisha yao yamo hatarini. Hapa ndipo udogo wa sanduku unapokuwa tishio la kweli, kwani hewa kidogo hupata moto haraka. Terariamu iliyowekwa dirishani huweza kugeuka tanuri kwa muda mfupi jua likiipiga moja kwa moja. Jua la dirishani halifai hata kidogo.

Mimea yenye kazi

Katika nafasi ndogo hakuna mmea unaokaa bure. Bromelia, mimea ya ukoo wa nanasi, hushikizwa ukutani bila ya udongo, na vikombe vya majani yake hukusanya maji ambamo vyura kama imitator hulea viluwiluwi. Mkuyu mdogo unaotambaa, Ficus pumila, hulifunika povu la ukutani, japo wahitaji kupogolewa mara kwa mara. Pothosi hunyonya kwa haraka nitrati itokanayo na kinyesi. Kangaga ndogo hutoa kivuli karibu na udongo. Ni bora kuchagua aina chache zinazobaki ndogo kuliko kujaza sanduku miche ambayo baada ya miezi mitatu itasukuma kifuniko.

Wapo wanaotamani kulitia sandukuni ua la Saintpaulia, ambalo Wazungu walilifahamu kutoka Milima ya Usambara mwaka 1892, na ambalo ndugu zake humea pia katika milima ya Taita. Ua hilo ni zuri, lakini majani yake yenye manyoya huoza maji yakituama juu yake. Libaki kwenye chungu nje ya sanduku.

Kila mmea unaonunuliwa uoshwe majani, utolewe katika udongo wake wa zamani hadi mizizi ibaki mitupu, kisha uwekwe kando kwa majuma kadhaa. Mimea ya madukani mara nyingi imenyunyiziwa dawa zinazokaa ndani ya majani.

Wasafishaji wasioonekana

Kinyesi cha chura hutoa amonia. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, nayo mimea huila. Kuvu zinazoota kwenye magogo huliwa na kolembola, wadudu weupe wadogo kama punje za chumvi. Majani yaliyooza hutafunwa na aisopodi, jamaa wa kaa wanaoishi nchi kavu. Chura naye huwala baadhi yao, hivyo huwa ni wafagiaji na akiba ya chakula kwa wakati mmoja.

Jamii hii haijengeki kwa siku moja. Baada ya kupanda na kutia wasafishaji, sanduku liachwe bila chura kwa majuma manne hadi sita. Kuvu itaota katika juma la pili na kuwashtua wengi, kisha itatoweka kolembola wakiongezeka. Mimea itashika mizizi, na mfugaji atapata nafasi ya kurekebisha joto na unyevu bila ya kumhatarisha kiumbe yeyote. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wahenga walinena. Wakati huo huo chura awekwe peke yake katika sanduku la kawaida lenye karatasi zilizolowa kwa angalau siku 30, ili kinyesi chake kichunguzwe minyoo na ulaji wake uangaliwe.

Chakula nacho chahitaji mpango wake. Vyura wa sentimita mbili hawali nyenje wakubwa. Hula nzi wa matunda wasioweza kuruka angani, wanaokuzwa katika mitungi yenye ndizi iliyopondwa na hamira. Mtungi mpya hutayarishwa kila juma, kwa kuwa wa zamani huchoka. Kabla ya kulishwa, nzi hupakwa unga wa kalisiamu na vitamini. Asiye na subira ya kukuza nzi asianze kufuga vyura wa aina hii.

Mipaka isiyofaa kuvukwa

Vyura wamo katika janga duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maradhi ya ngozi yaletwayo na kuvu za kundi la Batrachochytrium yalichangia kupungua kwa aina 501 za amfibia, na kwamba aina 90 kati ya hizo huenda zimetoweka kabisa. Kuvu hiyo ilipatikana hata Kihansi mwaka 2003, wakati vyura waliobaki bondeni walipoporomoka. Biashara ya vyura wanaohamishwa kutoka nchi hadi nchi ni mojawapo ya njia zinazoieneza.

Kwa hivyo chura wa kufuga anunuliwe kutoka kwa anayewazalisha, pamoja na hati zake. Vyura wa jenasi za Dendrobates na Ranitomeya wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo hawavushwi mipaka bila ya kibali. Vilevile chura aliyefugwa asiachiliwe kamwe nje, wala maji na udongo wa sanduku lake visimwagwe mtoni. Chura wa Afrika aitwaye Xenopus, aliyesafirishwa kutoka Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930 kwa ajili ya vipimo vya ujauzito, leo amezagaa porini nchini Marekani, Chile na Ufaransa.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka wazi kwamba mnyamapori hafugwi bila ya kibali, na wa kuulizwa kabla ya hatua yoyote ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kuokota chura kwenye kinamasi na kumtia katika mtungi si ufugaji. Baadhi ya vyura wetu wana makao madogo ajabu. Hyperolius rubrovermiculatus, mwenye michirizi myekundu mgongoni, anajulikana katika eneo la Shimba Hills, Kaunti ya Kwale, pekee. Kila mmoja anayetolewa huko ni hasara isiyofidiwa na uzuri wa sanduku lolote.

Asiye na kibali hajanyimwa bustani. Tabaka, kuta, mimea, kolembola na mzunguko wa maji alioushuhudia Ward vyaweza kutengenezwa vyote bila ya chura, hata katika mtungi mkubwa wa kioo juu ya meza. Zaidi ya hayo, huo ndio mtihani bora kwa anayepanga kufuga siku za usoni. Ikiwa baada ya miezi sita mimea ingali hai, kioo hakinuki na kipimajoto hakijawahi kupita nyuzi 28, basi anayo mikono ya kumtunza kiumbe anayekunywa na kupumua kwa ngozi. Ikiwa mimea imekufa, hasara yake itakuwa ni miche michache tu, wala si uhai wa chura.

Kuhusu vyura wa Kihansi, mwaka 2010 baadhi yao walirejeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwezi Desemba 2012 wapatao 2,000 waliachiliwa katika bonde la mababu zao, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamewekwa kuchukua nafasi ya matone yaliyopotea. Masanduku ya kioo yaliwahifadhi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Lakini ilibidi bonde lenyewe litengenezwe upya, tone kwa tone, kabla ya wao kurudi nyumbani.